Kwa nini marhamu yangu ya mwarobaini inaota ukungu?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Bibi mzaa mama alikuwa akitengeneza dawa ya kupaka kwa majani ya mwarobaini, shubiri, manjano na karafuu ndani ya mafuta ya nazi, na ilitusaidia sote nyumbani. Sasa naitengeneza mwenyewe. Nasaga majani mabichi pamoja na ute wa shubiri kwenye blenda, nachemsha na mafuta, nachuja, natia nta ya nyuki kidogo, namimina kwenye vikopo. Mkupuo wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili, baada ya wiki tatu, umeota ukungu wa kijani na unanuka uchachu, na mchana unayeyuka wote. Kuna aliyeniambia niongeze vitamini E isioze, mwingine anasema nichemshe zaidi ili iwe kali. Majirani wanaitaka kwa vipele vya watoto, vidonda na kuungua moto. Mwanangu wa miaka minne ana pumu ya ngozi (ekzema), na jirani mmoja ananishauri nichanganye na tyubu moja ya krimu ya duka la dawa ili iponye haraka. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, na kuchanganya dawa za kupaka ndiyo kazi ninayoipenda kuliko nyingine zote katika fani hii. Nimefurahi umeuliza kabla ya kuwagawia majirani.

La kwanza ni la leo hii: mkupuo wa pili utupe wote, pamoja na vile vikopo ambavyo kwa macho bado ni safi. Usikwangue juu ukabakiza chini, wala usiuchemshe upya. Nyuzi za ukungu hupenya chini kuliko macho yanavyoona, na baadhi ya sumu ambazo ukungu huacha haziondoki kwa kuchemsha. Tena palipoota ukungu, bakteria nao huwa wamekwishapata makao, na hao wanaweza kuzaana bila rangi wala harufu. Dawa kama hiyo ukiipaka kwenye ngozi iliyochanika, unapanda ugonjwa.

Unajiuliza umekosea wapi ilhali umefuata njia ya bibi. Mimi nadhani kuna mahali mmeachana njia. Bibi wengi wa pwani walitengeneza dawa ya kupaka kidogo kidogo, ya kutumia leo na kesho, ikiisha wanatwanga nyingine. Mwarobaini uko uani, nazi iko jikoni, hakuna haja ya kuweka akiba. Wewe umechukua dawa ya siku mbili ukaifunga kwenye kikopo ikae miezi. Hilo linawezekana kabisa, lakini linataka utengenezaji wa namna nyingine, kwa sababu kikopo kilichofungwa kinabadilisha kila kitu.

Kilichokuangusha ni maji. Bakteria na ukungu hawawezi kuota ndani ya mafuta matupu, maana bila maji hawawezi kukua. Ndiyo sababu mafuta ya nazi safi hukaa kabatini bila ukungu hata mwaka. Lakini ute wa shubiri karibu wote ni maji, takriban asilimia 99, na majani mabichi ya mwarobaini nayo yamejaa maji. Blenda imeyasaga hayo maji yakawa matone madogo mno, na matone hayo yakatawanyika ndani ya mafuta. Ukichuja kwa kitambaa hayabaki kwenye kitambaa, yanapita pamoja na mafuta. Nta ilipoganda ikayafungia ndani, na kila tone likawa kidimbwi kidogo chenye sukari na protini za mmea. Ukungu hautaki zaidi ya hapo. Mkupuo wa kwanza ulikusalimisha huenda kwa kuwa ulichemka muda mrefu kidogo, au uliisha kabla haujaharibika. Ukiangalia chini ya vikopo vya mkupuo wa pili kabla hujavitupa, sitashangaa ukikuta majimaji yametuama.

Hapo tuiweke sawa habari ya vitamini E, kwa sababu nimeisikia mara nyingi na inapotosha watu wenye nia njema. Mafuta yana njia mbili tofauti za kuharibika. Moja ni kuota ukungu na bakteria, ambayo inasababishwa na maji. Nyingine ni mafuta yenyewe kuchacha, yakatoa ile harufu kali inayokwaruza koo, na hiyo inasababishwa na hewa, mwanga na joto. Vitamini E hupunguza kasi ya hii ya pili tu. Kwa ukungu haifanyi lolote. Ukiitia kwenye marhamu yenye maji, utakuwa na marhamu iliyoota ukungu lakini mafuta yake hayajachacha. Viwanda vya krimu, ambazo kweli zina maji, hutumia vihifadhi maalumu kwa vipimo vya sehemu ya gramu, na kisha hupima kwenye maabara kama vihifadhi hivyo vinafanya kazi. Jikoni hatuwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo jikoni tunatengeneza kitu kisicho na maji kabisa.

Na kuchemsha zaidi ili iwe kali? Kuna ukweli mdogo ndani yake. Anayepika mafuta ya nazi kutoka kwenye tui anajua kwamba sufuria huchemka kwa kelele, kisha hunyamaza. Kelele ile ni maji yanayotoka. Mafuta yakinyamaza, maji yamekwisha. Lakini ukiendelea baada ya hapo unakaanga majani. Mafuta yanabadilika rangi, harufu nzuri inapaa, na yale uliyoyataka kutoka kwenye mmea yanaungua. Mafuta yaliyopikwa kwa moto mkali huchacha upesi zaidi, na ukali unaouhisi kwenye ngozi baadaye si nguvu ya dawa. Ngozi kuwasha au kuchoma si ishara kwamba dawa inafanya kazi. Mara nyingi ni ngozi inakwambia iachwe.

Sasa tuangalie mimea yako mmoja mmoja, kwa sababu si yote inastahili kubaki.

Mwarobaini ubaki, kwa masharti. Una viambato vinavyopunguza uvimbe na kuzuia baadhi ya vijidudu, ingawa vingi vya vile vinavyosifiwa, hasa azadiraktini, vimo kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Marhamu ya majani ni dawa ya upole, na huo upole ndio faida yake. Usijaribiwe kuiongezea nguvu kwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa ajili ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliougua vibaya, wakatapika, wakapata degedege na kuathirika ubongo na ini, baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani. Kupaka si sawa na kunywesha, lakini mtoto mchanga hulamba mikono yake na vidole vya mama.

Shubiri itoke kwenye kikopo. Sisemi itoke maishani mwako. Iache uani ikiwa mzima, ukate jani unapoihitaji, ulioshe, ulisimamishe dakika kumi hadi kumi na tano ule utomvu wa njano uchuruzike, kisha umenye na kutumia ute mweupe peke yake. Utomvu wa njano, uliopo chini ya ganda, huwasha ngozi za watu wengi, na wengi wanaosema shubiri inawadhuru hawajawahi kuumwaga. Ute uliobaki hukaa siku moja au mbili kwenye friji, si zaidi.

Karafuu nakuomba uiondoe kabisa kwenye dawa ya watoto. Najua harufu yake ndiyo harufu ya nyumbani kwetu. Lakini eujenoli iliyomo hutia ganzi na huwasha, na ngozi ikishaichukia, huichukia maisha yote. Mafuta ya karafuu au ya makonyo yaliyokamuliwa kwa mvuke, kama yanayotoka Pemba, ni makali mno: wataalamu wa mafuta ya kunukia hushauri yasizidi nusu ya asilimia moja ya kitu kinachopakwa ngozini. Kwa gramu 100 za marhamu hiyo ni nusu gramu, na mizani nyingi za jikoni haziwezi kuipima kwa uhakika. Mtu mzima mwenye misuli inayouma ni habari nyingine. Hivyo hivyo kwa mkaratusi, na zaidi kwa kafuri: visipakwe mtoto wa chini ya miaka miwili, na kafuri ikimezwa hata kidogo inaweza kumtia mtoto degedege.

Manjano hayana madhara makubwa, lakini sioni yanakusaidia nini hapa. Yanatia doa kila nguo, tena yanaficha wekundu, ambao ndio unaotakiwa kuuona ili ujue kama kidonda kinazidi. Na unga wa sokoni hujui umechanganywa na nini. Kule Bangladesh watafiti walikuta unga wa manjano umetiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae.

Kwa kuwa majirani watakuletea na mapishi yao, niseme na mengine upesi. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi huiunguza kweli, kama asidi, na watoto wamefikishwa hospitali kwa hilo. Ndimu na limau vikipakwa kisha mtu akatoka juani, ngozi hutoka malengelenge na kubaki na baka jeusi kwa wiki au miezi. Utomvu wa mnyaa usikaribie ngozi wala macho, unaweza kupofusha. Mbegu za mbarika usizitwange nyumbani: mafuta ya nyonyo yaliyokamuliwa vizuri ni salama kupaka, lakini mbegu na mashudu yake yana risini, sumu inayoua.

Basi hii ndiyo namna ambavyo mimi ningeitengeneza. Chuma majani ya mwarobaini asubuhi umande ukishakauka, yaoshe, yakung'ute, uyaanike kivulini penye upepo mpaka ukilifinya jani linavunjika na kulia. Likijikunja tu bila kuvunjika, bado lina maji. Kwa Tanga msimu wa masika hilo laweza kuchukua zaidi ya wiki, na kama hewa ni nzito mno, afadhali usubiri. Pima gramu 250 za mafuta ya nazi na gramu 25 hadi 30 za majani makavu yaliyovunjwavunjwa. Kama mafuta yamepikwa nyumbani kutoka kwenye tui, yapashe kwanza peke yake mpaka yanyamaze, yaache yatulie, umimine ya juu na uache mashapo chini. Kisha weka mafuta na majani kwenye bakuli kavu, bakuli uliweke ndani ya sufuria yenye maji yanayofuka mvuke tu, yasichemke kwa fujo, kwa saa mbili hadi tatu. Ukiwa na kipimajoto, mafuta yawe kati ya nyuzi 50 na 60. Usifunike bakuli kwa mfuniko, kwa sababu mvuke utaganda juu na kudondokea ndani, na matone yale ndiyo tunayoyakimbia.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kikavu, safi, kilichopigwa pasi. Hapa wengi hukosea kwa uchoyo, hukamua kitambaa mpaka tone la mwisho. Usikamue sana. Yale ya mwisho huja na vumbi la majani na unyevu. Acha mafuta yakae usiku mzima kwenye chupa ya kioo, asubuhi angalia chini. Ukiona tabaka au mashapo, mimina ya juu taratibu na uyaache hayo.

Habari ya kuyeyuka ni hesabu tu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Tanga saa nane mchana ni zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kinachoishikilia marhamu ni nta, na wewe umetia "kidogo". Pima mafuta upya baada ya kuchuja, maana yatakuwa yamepungua. Yakiwa gramu 220, nta iwe gramu 55, yaani sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta. Ukiwa na nta ya kutoka kwenye mizinga ya Handeni au Tabora, iyeyushe na uichuje kwanza, kwa sababu ya kienyeji huwa na masalia ya asali na mabawa ya nyuki, na asali ina maji. Changanya nta na mafuta juu ya sufuria ile ile mpaka iyeyuke yote, kisha dondosha kidogo kwenye kijiko kilichotoka kwenye friji. Kikiganda, kisugue mkononi. Kikiwa kigumu mno, ongeza mafuta. Kikiwa laini mno, ongeza nta. Jaribu hili kabla ya kumimina, kwa kuwa baada ya kumimina ni usumbufu.

Vikopo viwe vidogo, vya gramu 30 au 50, vilivyooshwa, vikasuuzwa kwa maji yaliyochemka, vikakaushwa juani mpaka mfuniko nao umekauka kwenye mikunjo yake. Ukimimina, acha wazi chini ya kitambaa safi mpaka marhamu ipoe kabisa, ndipo ufunike. Andika tarehe na kilichomo. Ikae mahali pa giza. Ukiifanya hivi, miezi sita ni matarajio ya haki. Ukisikia harufu ya kuchacha kabla ya hapo, itupe. Watu wachote kwa kijiko kikavu, au kwa mkono uliooshwa na kukaushwa, kwa sababu kidole kimoja chenye maji kinaweza kurudisha tatizo lote. Na kabla mtu yeyote hajaipaka mwilini, aijaribu sehemu ndogo ndani ya mkono, asubuhi na jioni kwa siku saba. Mzio wa ngozi huchelewa. Jaribio la dakika kumi halikwambii chochote.

Marhamu hii itafaa nini? Itafaa ngozi kavu, visigino vilivyopasuka, midomo, mikono ya mtu anayefua kutwa, ngozi inayosuguana mapajani, ngozi ya mzee. Hizo si shida ndogo, na dawa nyingi za ghali haziifanyi kazi hiyo vizuri zaidi. Inazuia maji ya mwilini yasitoroke kupitia ngozi, na inailainisha. Hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Kwa kuungua moto, isitumike. Aliyeungua awekwe chini ya maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Mafuta juu ya jeraha bichi hufungia joto ndani na kumchelewesha muuguzi anayetakiwa kulisafisha. Hii ni kwa kila mafuta, dawa ya meno, na yai pia. Shubiri mbichi inaweza kutuliza mahali padogo palipokuwa pekundu tu bila malengelenge, baada ya maji.

Kwa vidonda vilivyo wazi, isitumike pia. Hata ukiwa msafi namna gani, marhamu ya jikoni haijaondolewa vijidudu vyote, na mbegu za bakteria wa pepopunda haziuawi na joto la nyuzi 60. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe, na aliyechomwa na msumari au kukatwa na kitu chenye udongo akaulize sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo. Kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kikavu na safi, bila mafuta, majivu wala kitu kingine chochote. Ukipewa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na kituo cha afya, fuata walivyokuelekeza wao.

Vipele vya watoto ni neno moja la mambo mengi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu majirani watakutegemea. Vipele vya joto vinataka hewa na maji, na mafuta mazito huvizidisha kwa kuziba jasho. Wekundu wa nepi unafaa marhamu yenye zinki, ambayo bei yake si kubwa. Upele wenye muwasho mkali usiku, unaoanza katikati ya vidole na kuenea kwa nyumba nzima, ni mdudu aliyechimba ndani ya ngozi, na hautoki mpaka wote wanaolala pamoja watibiwe siku moja kwa dawa ya duka la dawa, na matandiko yafuliwe. Mapunye ya kichwani ni fangasi walioingia ndani ya unywele wenyewe. Marhamu haiwezi kufika huko, iwe ya mwarobaini au ya Ulaya. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, na inabidi apewe na mtu aliyempima uzito.

Nije kwa mwanao. Ngozi ya mwenye pumu ya ngozi ni kama paa la makuti lililolegea: maji yanatoka, na vitu vya nje vinaingia. Kwa hiyo kila unachompaka kinaingia zaidi kuliko kwa mtoto mwingine, pamoja na mimea. Ngozi iliyopasuka ni mlango ambao mwili hujifunzia mzio, ndiyo maana sishauri mafuta ya karanga wala ya ufuta kwa watoto hawa, na ndiyo maana hata mwarobaini ningeuweka kando kwake. Mtengenezee mkupuo wake pekee wa mafuta ya nazi na nta, bila kingine chochote. Mafuta ya nazi yamejaribiwa kwa watoto wenye pumu ya ngozi huko Ufilipino na yakafanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Mafuta ya zeituni, kinyume na sifa zake, yanaweza kuidhoofisha ngozi hii. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, muda mfupi, sabuni isiyo na manukato na kwa sehemu zenye uchafu tu. Mkaushe kwa kugusagusa, na umpake ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na unyevu. Mpake mara mbili kwa siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Kama fedha haitoshi, vaselini isiyo na harufu inafanya kazi hiyo hiyo bila aibu.

Ila marhamu pekee haitazima pumu ya ngozi iliyowaka, na hapo ndipo inapoingia ile krimu ya jirani. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho. Steroidi si adui. Daktari akikuandikia ya kiwango kinachofaa, kwa siku alizokwambia na mahali alipokuonyesha, itamsaidia mtoto kuliko kitu chochote nilichokitaja humu. Lakini ukiikoroga kwenye sufuria, hujui tena nani anapata kiasi gani, na kwa muda gani. Itapakwa kwenye uso wa mtoto wa jirani miezi mitatu, ngozi inyauke na mishipa ionekane. Itapakwa juu ya fangasi, muwasho utulie kwa wiki, fangasi waenee chini kwa chini na kubadilika sura mpaka daktari ashindwe kuwatambua. Kwa mtoto mchanga inaweza kupita ngozi na kuvuruga homoni za mwili. Kwa sababu hiyo hiyo, ukikuta sokoni "dawa ya asili" inayoondoa kila kipele kwa siku mbili, itilie shaka. Hakuna jani ninalolijua linalofanya hivyo. Tafadhali, usichanganye.

Ukitaka kuuza, inawezekana, na natamani ufike huko. Marhamu ya kulainisha ngozi inahesabiwa kuwa kipodozi, na kipodozi kinapita TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukisema inatibu ugonjwa umeingia eneo la tiba asili, ambalo lina Baraza lake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Anza na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wako kwa mafunzo na vifungashio. Na ujue kwamba kutengeneza dawa za kupaka hapa hapa nchini si ndoto: kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC pale Moshi kinatengeneza mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino, kwa vipimo na kumbukumbu za kila mkupuo. Daftari la kumbukumbu unaweza kulianza kesho: tarehe, uzito wa kila kitu, nani amepewa, ilikaa muda gani.

Wapo ambao hutakiwi kuwapa kikopo, bali kuwaelekeza kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Bombo: aliyeungua eneo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, na kila mtoto mdogo aliyeungua, mwenye kidonda ambacho wiki mbili zimepita hakijaanza kufunga, mwenye kisukari na kidonda cha mguu, hata kama ni kidogo na hakiumi, mwenye wekundu unaoenea na homa, mwenye ualbino na kidonda au gamba lisilopona. Mwenye baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba halihisi anatakiwa aende haraka, kwa sababu huo unaweza kuwa ukoma, dawa yake ni ya bure, na ukiwahiwa hauachi ulemavu.

Mwanao naye apelekwe wiki hii kama ngozi yake inatoa majimaji au magamba ya rangi ya asali, au kama hajalala usiku kwa kujikuna. Akitoka malengelenge madogo mengi kwa ghafla pamoja na homa, usisubiri wiki, mpeleke siku hiyo. Ukienda, beba kikopo cha marhamu unayompaka na kila krimu iliyomo nyumbani, na useme wazi umempaka nini na tangu lini. Wapo wahudumu watakaokunja uso wakisikia mwarobaini. Sema hivyo hivyo, maana wakijua alichopakwa ndipo watakapojua wampe nini.